Husuni Isiyokuwa Ngome: Jina na Magofu ya Kasri la Kilwa

1.0 Utangulizi

Mtu atokaye Soko la Kariakoo kuelekea bandarini hupita Gerezani, na karibu na hapo ndipo inapoanzia Barabara ya Kilwa, iendayo kusini kupitia Mtoni na Mbagala. Akishika njia nyingine na kuifuata Barabara ya Morogoro hadi inapokomea ufukweni, atakutana na Boma la Kale. Huo wote ni mwendo wa miguu usiozidi saa moja. Katika mwendo huo hupitwa majina matatu ambayo makondakta, wachuuzi na makarani huyataja kila siku, na ambayo ni nadra mtu kuuliza yametoka wapi. Kariakoo ya leo imejaa wachukuzi wa mizigo, lakini hao si wale walioipa jina. Boma la Kale halikujengwa liwe boma. Gerezani ni jina lililotokana na neno ambalo, katika lugha lilikotoka, lilikuwa na maana ya kanisa.

Barabara ya Kilwa nayo ina jina linaloelekeza mbali zaidi. Takriban kilomita 300 kusini ya Dar es Salaam, ng'ambo ya mkono wa bahari unaotazamana na Kilwa Masoko, kipo kisiwa cha Kilwa Kisiwani. Mashariki ya mji wa kale wa kisiwa hicho, juu ya genge linalopigwa na mawimbi, yamesimama magofu ya jengo la Zama za Kati liitwalo Husuni Kubwa. Kwa maana ya maneno yenyewe, hiyo ni ngome kubwa. Anayelisikia jina hilo kabla ya kuliona jengo hutarajia kuta nene, minara ya walinzi na lango jembamba. Anayefika huko hukuta birika la kuogea, nyua za wazi na ngazi zinazoshuka pwani.

Mhadhara huu unachunguza tofauti hiyo kati ya jina na jengo. Hoja inayotetewa ni kwamba jina la jengo la kale ni ushahidi wa macho ya watu waliolitumia au kulitazama baada ya mjenzi kuondoka, na kwamba mtafiti anayelichukua jina hilo kuwa ni tamko la mjenzi mwenyewe huweza kuipotosha historia nzima ya mahali. Ili hoja hiyo ieleweke, ni vyema kuanza na majina ya mjini Dar es Salaam, ambayo historia yake iko karibu na inajulikana, kisha kwenda Kilwa.

2.0 Majina matatu ya mjini

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga jengo la soko katika eneo la mji walilowatengea Waafrika. Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916, eneo hilo lilitumika kuwa kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Wapagazi hao waliobeba chakula na risasi za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Wazungu walikufa kwa wingi, na zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Maneno mawili ya Kiingereza yaligeuka neno moja la Kiswahili. Irabu ndefu iliyo mwishoni mwa Kariakoo ni ileile ya matamshi ya Kiingereza, kwa kuwa konsonanti za mwisho za neno Corps huandikwa lakini hazitamkwi. Nairobi nako mtaa wa Kariokor umepata jina lake kwa njia hiyohiyo. Kambi ilipoondoka, soko lilirudi kuwa soko. Jengo la Wajerumani lilikwishabomolewa, na jengo lililosanifiwa na msanifu majengo wa Kitanzania, Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, kisha likaungua moto mwezi Julai 2021. Katika mabadiliko yote hayo jina la kambi, ambayo haikudumu ila miaka michache, halikuguswa.

Boma la Kale lina kisa kinachofanana na hicho. Lilijengwa kwa mawe ya matumbawe kati ya mwaka 1866 na 1867, wakati Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, alipokuwa akianzisha mji wake mpya karibu na kijiji cha Mzizima. Kusudi la jengo lilikuwa kupokea wageni wa Sultani. Majid alifariki mwaka 1870 na mji ukadorora, mpaka Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Wao walilitumia jengo hilo kwa shughuli za utawala. Katika Kiswahili neno boma lilikuwa na maana ya uzio au ua wa kujihifadhi, na chini ya utawala wa Kijerumani likapata maana ya ofisi ya serikali ya wilaya. Nyumba ya wageni ikawa boma, na baadaye, mabomba ya mamlaka yalipohamia kwingine, ikawa Boma la Kale. Hakuna chochote katika jina hilo kinachomkumbuka Majid wala mgeni wake hata mmoja.

Gerezani ni neno gereza lililotiwa kiambishi tamati cha mahali. Asili ya gereza ni neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Irabu ya mwanzo imedondoshwa, na mfuatano wa konsonanti g na r umetenganishwa kwa irabu, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili kupokea maneno ya kigeni. Mabadiliko ya maana yanaeleweka pia. Ndani ya ngome za Wareno mlikuwa na kanisa, na wenyeji wakaliita jengo zima kwa jina la sehemu yake. Ngome hizo zilipoacha kuwa za vita zilitumika kufungia watu. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, ilikuwa gereza la serikali kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Neno likasafiri kutoka kanisa hadi ngome, na kutoka ngome hadi kifungo. Mkazi wa Kariakoo anajua maana hii ya tatu tu. Akifika Kilwa Kisiwani na kuonyeshwa jengo kubwa la ufukweni liitwalo Gereza, hudhani ni mahali walipofungwa watu, ilhali pale neno limehifadhi maana yake ya pili, yaani ngome.

Mifano hii mitatu inaonyesha jambo moja. Jina lililobaki ni la mtumiaji aliyeacha alama katika masikio ya watu, awe wa mwanzo au wa mwisho, na mara nyingi si la mwanzo. Kama hivyo ndivyo ilivyo kwa majengo ya juzi, ambayo hati zake zipo, inabidi tahadhari iwe kubwa zaidi kwa jengo la karne ya 14.

3.0 Neno husuni

Husuni ni neno la Kiarabu kwa asili. Umoja wake katika lugha hiyo ni hisn, yaani ngome au mahali palipozatitiwa, na wingi wake ni husun. Kiswahili kilikopa wingi kikautumia kama umoja. Jambo hilo lina mifano mingine. Malaika katika Kiarabu ni wingi, lakini Mswahili husema malaika mmoja bila wasiwasi. Fulusi, neno la zamani lenye maana ya fedha, nalo limetokana na wingi wenye mpangilio uleule wa irabu kama husun. Irabu ya mwisho imeongezwa kwa kanuni ileile iliyoifanya sabun ya Kiarabu kuwa sabuni.

Mwanafunzi mwenye haraka anaweza kuvutwa na maelezo mengine. Mfalme aliyejenga jengo hilo, kama itakavyoonekana, aliitwa al-Hasan, na huenda mtu akadhani kwamba Husuni ni jina lake lililobadilika. Dhana hiyo haisimami. Jina Hasan lina herufi ya sini na linahusiana na uzuri na wema. Hisn lina herufi ya sadi na linahusiana na kuhifadhi na kukinga. Kiswahili hutamka herufi zote mbili kwa sauti moja, na ndiyo sababu mizizi miwili iliyo mbalimbali huonekana kama ndugu.

Ushahidi wa thamani zaidi umo katika vivumishi. Jirani na Husuni Kubwa, ng'ambo ya korongo, kuna magofu mengine yaitwayo Husuni Ndogo. Kivumishi ndogo kimepatanishwa na nomino ya ngeli ya N. Kama nomino hiyo ingewekwa katika ngeli ya JI-MA, kama wasemaji wengine wanavyofanya kwa majengo makubwa wanaposema jumba au jengo, lingepatikana jina Husuni Dogo. Hivyo basi, majina haya mawili yalitungwa pamoja, kwa kulinganisha, na watu waliokuwa wakisema Kiswahili na kufuata sarufi yake. Hayakunakiliwa kutoka kitabu cha Kiarabu, na hayana sura ya cheo cha kifalme. Ni majina ya kuelekezana njia: ile kubwa na ile ndogo.

4.0 Kuta zinasema nini

Uchimbaji mkubwa katika Kilwa Kisiwani ulifanywa na mwanaakiolojia Neville Chittick katika miaka ya 1960, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1974. Kazi hiyo ndiyo iliyoiondoa Husuni Kubwa katika vichaka na kuonyesha ramani yake.

Jengo lina vyumba zaidi ya 100. Upande wa kaskazini, unaotazama bahari, ni makazi. Hapo ndipo lilipo birika la pembe nane lililochimbwa na kusakafiwa kwa ustadi, pamoja na ua wenye madaraja mapana ambapo watu wengi waliweza kuketi mbele ya mwenyeji wao. Upande wa kusini ni ua mkubwa uliozungukwa na safu za vyumba, ambavyo Chittick alivieleza kuwa ni vya maghala na biashara. Katika kuta za makazi mna zidaka za kuwekea taa na vyombo. Sehemu fulani ziliezekwa kwa kuba na matao, na mapambo yalichongwa katika tumbawe. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana mna chupa ya kauri nyeupe ya China, iliyotengenezwa karibu na mwaka 1300, enzi za ufalme wa Yuan. Dalili za ujenzi zinaonyesha pia kwamba kazi haikukamilika, na kwamba watu hawakuishi humo kwa muda mrefu.

Hayo si maumbile ya ngome. Mtu anayeogopa adui hajengi ngazi ya kumpandisha kutoka pwani, wala haachi nyua zake wazi, wala haweki makazi yake nje ya mji, mbali na watu ambao wangemsaidia. Jengo hili linaeleweka vizuri zaidi kama kasri la mfalme mfanyabiashara: bidhaa upande mmoja, mapokezi katikati, starehe upande wa bahari.

Husuni Ndogo ni kinyume chake. Hiyo ni ukuta mnene wa mstatili wenye minara, na ndani yake mna majengo machache sana. Wataalamu wametofautiana kuhusu matumizi yake. Wapo wanaoiona kambi, wapo wanaoiona ghala au mahali pa biashara. Lakini kwa macho ya mpita njia, yenyewe inafanana na ngome. Yawezekana basi kwamba neno husuni liliitwa kwanza jengo hili dogo, kisha likahamia kwa jirani yake lililo kubwa zaidi, na vivumishi vikaongezwa ili kuyatofautisha. Maelezo hayo yanaafikiana na sarufi ya majina yenyewe, kwani asiyekuwa na mbili hana haja ya kusema kubwa na ndogo.

5.0 Mjenzi na zama zake

Maandishi yaliyochongwa, ambayo vipande vyake vilipatikana katika magofu, yanamtaja al-Hasan bin Sulaiman. Sultani huyu alitawala Kilwa takriban kati ya mwaka 1310 na 1333. Ndiye pia aliyeupanua Msikiti Mkuu wa Kilwa. Sarafu zake za shaba zimeokotwa kwa wingi kisiwani. Wanafunzi wa ushairi watapenda kujua kwamba maandishi ya pande mbili za sarafu za Kilwa yana vina: upande mmoja una maneno ya kumtegemea Mungu, upande wa pili una jina la mtawala, na miisho hulingana. Sarafu yake moja ilipatikana Zimbabwe Kuu, bara, mbali kabisa na bahari. Sarafu hiyo inaonyesha uti wa mgongo wa utajiri wa Kilwa, yaani dhahabu iliyotoka nyanda za kusini na kupitia bandari ya Sofala.

Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa mwaka 1331. Ameacha habari za sultani aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa sababu ya wingi wa kutoa. Anasimulia pia kwamba ndugu yake Daud, aliyemrithi, alikuwa kinyume chake, na akiombwa alijibu kwamba mtoaji amekwisha kufa. Katika masimulizi hayo kuna habari ya vita dhidi ya majirani wa bara, na habari hiyo haifai kufichwa, kwa kuwa ndiyo tegemeo la mtu atakayetaka kulitetea jina la ngome. Hata hivyo, vita vya kwenda bara kutafuta ngawira ni jambo moja, na jengo la kuzuia mashambulizi ni jingine. Mfalme aliyekwenda kupigana kwa wenzake aliweza kulala nyumbani milango ikiwa wazi.

Kisa cha Mtoaji na Mnyimi kinaafikiana na hali ya magofu. Jengo la kiasi hicho lilihitaji kipato cha biashara pamoja na matakwa ya mtu mmoja. Mtu huyo alipoondoka, kazi ilikoma, na makao ya watawala waliofuata yakawa ndani ya mji. Katika karne ya 15 lilijengwa kasri jingine, Makutani, na Msikiti Mkuu ambao sehemu zake zilikuwa zimeanguka ukakarabatiwa. Husuni Kubwa haikukarabatiwa.

Kuhusu asili ya wajenzi, Tarihi ya Kilwa, ambayo ipo katika nakala ya Kiarabu na katika muhtasari wa Mreno João de Barros uliochapishwa mwaka 1552, inawataja waasisi waliotoka Shiraz kwa majahazi. Watafiti wa enzi ya Chittick walielekea kuzipa safari hizo uzito mkubwa mno, kana kwamba ustaarabu wa mawe ulishushwa pwani kutoka melini. Isimu ilichangia kurekebisha mtazamo huo. Derek Nurse na Thomas Spear, mwaka 1985, walionyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu katika muundo na msamiati wake wa msingi, na kwamba mikopo ya Kiarabu ilikuja juu ya jengo lililokwisha simama. Uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale ya pwani, ikiwemo ya Kilwa, uliochapishwa mwaka 2023, umeonyesha kwamba kuanzia karibu na mwaka 1000 wazee wa Kiafrika, wengi wao wanawake, walichanganya damu na wageni, wengi wao wanaume, wenye asili ya Uajemi. Tarihi haikusema uongo mtupu, wala haikusema yote. Ilihifadhi ukoo wa akina baba ikaacha lugha ya akina mama, na lugha hiyo ndiyo iliyoshinda.

6.0 Kutoka kasri hadi husuni

Mwaka 1502 Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilitengenezewa chombo cha ibada kilichokamilika mwaka 1506, na ambacho kimehifadhiwa katika makumbusho mjini Lisbon. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji akajenga ngome ufukweni. Wareno waliiacha ngome hiyo mwaka 1512, lakini mabaki yake yalitumika tena karibu na mwaka 1800, Waomani walipojenga ngome yao mahali palepale. Hiyo ndiyo Gereza inayoonekana leo.

Kuanzia hapo, kwa karne kadhaa, jengo la mawe lenye mamlaka ndani yake lilikuwa ngome. Mkazi wa Kilwa wa karne ya 18 au ya 19 aliyetazama kuta kubwa zisizo na mkaaji juu ya genge hakuwa na mfano wa mfalme anayejenga birika la kuogea kwa pato la dhahabu. Mfano aliokuwa nao ni wa askari na mizinga. Aliyapa magofu jina kwa kipimo cha zama zake, kama mkazi wa Dar es Salaam alivyoipa nyumba ya wageni ya Majid jina la ofisi ya Mjerumani. Majina mengine ya magofu ya huko ni ya namna hiyohiyo ya kutaja kinachoonekana: Makutani ni penye makuta, na Songo Mnara, kisiwa cha jirani, kimebeba neno mnara.

Hatari ya jina hilo ni kwamba linaigeuza historia. Anayesadiki kwamba Kilwa ya karne ya 14 ilitawaliwa kutoka ngomeni huona mji wa wageni waliojihifadhi dhidi ya wenyeji. Anayezisoma kuta huona mji uliokuwa na uhakika wa biashara yake na wa jirani zake wa karibu kiasi cha kumwezesha mtawala kujenga nje ya mji, kando ya bahari, pasipo ukuta wa kumzunguka. Picha hizi mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, na iliyoenea zaidi imeenezwa na neno moja la mkopo.

7.0 Lugha ya waashi

Kama jina la jengo ni la watazamaji, je, wajenzi wameacha neno lolote? Wameacha, na maneno yao hayamo katika tarihi. Yamo katika vinywa vya mafundi. Nyumba, mlango na jiwe ni maneno ya Kibantu. Tumbawe lenyewe limebeba ndani yake kipande -we kilichomo pia katika jiwe na mawe. Waashi walitofautisha tumbawe gumu linalochimbwa nchi kavu, ambalo ndilo la kujengea ukuta, na tumbawe laini linalotolewa majini likiwa bichi, ambalo huchongeka na ndilo la mapambo, mihrabu na miimo ya milango. Tumbawe lilichomwa pia juu ya magogo ili kupata chokaa.

Maneno ya Kiarabu yaliingia mahali ambapo mtindo au chombo kilikuwa kipya: kuba, birika, sakafu. Neno la mwisho lina mafunzo yake. Katika Kiarabu saqf ni paa. Katika Kiswahili sakafu ni mahali pa kukanyaga. Mabadiliko hayo hayaeleweki darasani, lakini yanaeleweka kwa anayesimama ndani ya nyumba ya ghorofa ya pwani: tabaka la mawe na chokaa lililo paa la aliye chini ndilo linalokanyagwa na aliye juu. Nyumba yenyewe ilibadilisha maana ya neno.

Boriti za mikoko nazo ziliamua umbo la vyumba. Mti wa mkoko una urefu wake, na ukipakiwa mawe na chokaa hauwezi kuvuka nafasi inayozidi sana mita mbili na nusu au tatu. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu na vyembamba, na ndiyo sababu mtu aliyetaka ukubwa alilazimika kuongeza idadi ya vyumba au kupandisha kuba. Husuni Kubwa ilifanya yote mawili. Boriti hizohizo zilitumika katika Boma la Kale miaka zaidi ya 500 baadaye, na miti ya mikoko ilitumika pia katika nyumba za Kiswahili za udongo zilizoenea Kariakoo, zenye ukumbi katikati, vyumba kila upande na ua nyuma. Kati ya kasri la Kilwa na nyumba ya kupangisha ya Kariakoo pana umbali mkubwa wa mali na enzi, lakini fundi wa hapa angeelewa maneno mengi ya fundi wa kule.

8.0 Yanayopotea

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya kuta zilizokuwa zikianguka na ufuko uliokuwa ukiliwa na bahari; yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014, baada ya kazi ya ukarabati na ya kurudisha mikoko. Husuni Kubwa, kwa kuwa iko juu ya genge, ina adui wa kudumu. Wimbi halipigi ukuta. Hula mwamba ulio chini ya ukuta. Palipokatwa mikoko kwa ajili ya boriti na kuni, wimbi hufika likiwa na nguvu zake zote. Mti uliobeba dari ya kasri ndio uliokuwa ukililinda genge lake.

Katikati ya mji wa Dar es Salaam adui ni mwingine. Thamani ya kiwanja imezidi thamani ya nyumba iliyo juu yake. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo zimepisha ghorofa, na majengo kadhaa ya kale ya katikati ya mji yamebomolewa. Boma la Kale limenusurika, likakarabatiwa na kufanywa kituo cha urithi wa usanifu wa mji. Nyumba nyingi hazikupata bahati hiyo, na pamoja nazo zimeondoka istilahi za mafundi, kwa kuwa fundi wa zege na nondo hana haja ya neno kidaka.

9.0 Hitimisho

Haipendekezwi hapa kwamba jina Husuni Kubwa libadilishwe. Jina hilo ni sehemu ya historia ya Kilwa, kama Kariakoo ilivyo sehemu ya historia ya vita iliyowaua maelfu ya wapagazi ambao wengi hawana makaburi yenye majina. Kinachopendekezwa ni kwamba kila linapofundishwa liambatane na swali: nani aliita hivi, na alikuwa akitazama nini? Swali hilo linawahusu wanaisimu kwa kiasi kilekile linavyowahusu wanaakiolojia, na wanafunzi wa Kiswahili hawahitaji kusubiri fedha za uchimbaji ili kuanza kulijibu. Wazee waashi wa Kilwa, Bagamoyo na Unguja bado wapo, na wanayo majina ya kila sehemu ya nyumba ya mawe. Mpangaji wa zamani wa Kariakoo bado anaweza kueleza tofauti ya ukumbi na uani, na kwa nini boriti ya ukumbini ilichaguliwa peke yake.

Al-Hasan bin Sulaiman aliacha jina lake katika sarafu na katika jiwe. Jina alilolipa jengo lake limepotea, na tumebaki na lile walilolipa wapita njia. Husuni ikiporomoka baharini, jina hilo litakuwa ndilo shahidi wa pekee, na litasema kwamba hapo palikuwa na ngome.